Mzee Mwinyi aliachia uwaziri kwa makosa ya wengine, sisi tunashindwa hata kumwomba radhi mtoto

Mwezi uliopita ilipotea noti ya shilingi elfu kumi kwenye pochi yangu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini na sikufikiri mara mbili. Nilimwita dada wa kazi sebuleni, nikamuuliza mbele ya watoto ameipeleka wapi. Akaapa hajaiona. Nikamwambia tutaongea jioni.

Jioni nikakumbuka. Ile noti nilimpa kijana wa bodaboda aliyeniletea mtungi wa gesi usiku wa kuamkia siku hiyo. Nikanyamaza. Sikusema neno kwa dada, wala kwa watoto waliosikia ninavyomhoji. Nilijiambia kwamba nikiongea naye kwa upole siku mbili tatu, yatapita yenyewe.

Hayakupita. Baada ya siku nne mwanangu wa miaka tisa alivunja kikombe cha chai jikoni. Nilipouliza nani kavunja, alinijibu bila kupepesa macho, "Ni dada." Dada wakati huo alikuwa nje anaanua nguo.

Nilitaka kumchapa kwa kusema uongo, lakini mkono ulikosa nguvu. Mtoto alikuwa anarudia alichokiona. Kwenye nyumba yetu, kikipotea kitu au kikiharibika kitu, wa kubeba lawama anajulikana.

Usiku huo ndipo nilipomkumbuka Mzee Ali Hassan Mwinyi.

Mzazi mwenzangu, najua ukisikia jina hilo linakujia neno moja tu, rukhsa. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 watakumbuka maduka yalivyoanza kujaa bidhaa. Wadogo zetu watakumbuka mzee mpole, mwenye utani na Kiswahili laini, aliyekuwa akialikwa kwenye kila shughuli. Wanangu wao wanamjua kama baba wa Rais wa Zanzibar. Lakini mimi nataka leo tumkumbuke kwa barua aliyoiandika Januari 1977, akiwa na miaka 51, ambayo kwa watu wengi ingekuwa ndiyo mwisho wa habari zake.

Mtoto wa Kivure aliyekulia Unguja

Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Mei 8, 1925 katika kijiji cha Kivure, katika mkoa ambao leo tunauita Pwani. Akiwa bado mdogo alivushwa bahari na kupelekwa Unguja, baba yake akitamani mwanawe asome dini na siku moja awe mwalimu wa dini. Alikulia upande wa Mangapwani, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akaendelea Dole.

Matarajio ya mzazi yalitimia nusu. Mtoto alikuwa mwalimu kweli, ila wa shule. Kuanzia 1945 alishika chaki, akafundisha na baadaye akawa mwalimu mkuu. Kwa karibu miaka 20, hadi 1964, kazi yake ilikuwa elimu.

Hapa kuna jambo la kuwasimulia vijana wetu wanaodhani mlango ukifungwa mara moja basi umefungwa daima. Mwalimu huyu alikuwa tayari kazini alipojiendeleza kwa masomo ya njia ya posta, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Maana yake ni kwamba mchana alifundisha watoto wa watu, na usiku alikuwa mwanafunzi. Baadaye alipata nafasi ya kusomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Aliporudi hakukimbilia kazi nyingine. Aliendelea na elimu mpaka akawa mkuu wa chuo cha ualimu Zanzibar.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 aliteuliwa kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu Zanzibar, kisha akahamishiwa kwenye shirika la biashara la serikali. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alimwita katika Serikali ya Muungano akawa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais. Mwaka 1972 akawa Waziri wa Afya. Mwaka 1975 akakabidhiwa Wizara ya Mambo ya Ndani, ile yenye polisi na magereza.

Huko ndiko alikokutana na mtihani wake.

Kilichotokea Mwanza na Shinyanga

Katikati ya miaka ya 1970, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa inakabiliwa na mauaji, wakiwamo vikongwe waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi. Serikali ilitaka mauaji hayo yakome. Ukafanyika msako mkubwa, polisi na maofisa wa usalama wakakamata watu wengi.

Nia ilikuwa njema, lakini njia ikawa mbaya. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola, na wapo waliokufa. Habari zilipofika juu, uchunguzi ulifanyika na baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya waziri. Yuko Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka huko. Hakumgusa mtu. Hakuna aliyesema kwamba aliagiza watu wateswe. Angeweza kusimama na kusema, waliofanya wameshakamatwa, mimi nilikuwa ofisini kwangu. Nani angembishia?

Mwinyi aliandika barua kwa Rais Nyerere kuomba kujiuzulu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Yeye binafsi hakutenda, lakini waliotenda walikuwa chini ya wizara yake, na yeye ndiye mwenye dhamana. Mwalimu alikubali. Hakuwa peke yake, kwani waziri mwenzake aliyehusika na usalama na wakuu wa mikoa hiyo miwili nao waliachia ngazi.

Tuelewane hapa, maana ndipo penye somo. Mwinyi hakukiri kwamba ametesa mtu, kwa sababu hakutesa. Alichokubali ni kwamba cheo kina pande mbili. Ukikubali kupigiwa saluti kwa sababu polisi wako chini yako, basi polisi hao wakiua, huwezi ukajifanya huwajui.

Ni hesabu ambayo kila mzazi anaielewa. Mtoto wako akipiga mpira ukavunja kioo cha jirani, humwambii jirani, "Mkamate mwenyewe." Unakwenda, unapiga hodi, unasema, "Samahani jirani, huyu ni wangu."

Familia inayohama

Baada ya barua hiyo alipelekwa Misri kuwa balozi. Ubalozi ni heshima, lakini kwa aliyekuwa waziri mwenye wizara nzito ulikuwa na maana nyingine pia, yaani kuwa mbali. Alikaa huko kuanzia 1977 hadi mapema miaka ya 1980.

Kwenye habari za viongozi huwa tunasahau kwamba kuna watoto nyuma yao. Mwanawe Hussein, aliyezaliwa Desemba 1966, alikuwa na miaka kumi wakati baba anaacha uwaziri. Sehemu ya shule yake ya msingi aliisomea Cairo. Mtoto wa umri huo anaelewa mengi kuliko tunavyofikiri. Anajua kama baba ametoka kazini kwa aibu au kwa hiari. Anasikia simu zinavyopungua na wageni wanavyokuwa wachache, na anamtazama baba anavyoyapokea hayo.

Ukiwa mzazi aliyewahi kupoteza kazi, unajua ninachosema. Watoto hawakumbuki mshahara ulikuwa kiasi gani. Wanakumbuka ulikuwaje mezani miezi ile. Je, ulimtukana bosi kila jioni? Ulimaliza hasira kwa mama yao? Au uliamka asubuhi, ukaoga, ukaendelea na maisha?

Miaka 43 baada ya baba yake kuacha uwaziri, Novemba 2020, Hussein Ali Mwinyi, daktari kwa taaluma, aliapishwa kuwa Rais wa Zanzibar. Kiti hichohicho baba yake aliwahi kukikalia.

Aliyeondoka kwa mlango wa mbele

Mwinyi aliporudi kutoka Cairo mwaka 1982 aliteuliwa tena kuwa waziri, safari hii wa Maliasili na Utalii. Kisha mambo yakaenda mbio. Januari 1984 Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alijiuzulu katika kipindi kilichojulikana kama kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Visiwani. Chama kilihitaji mtu wa kutuliza watu. Jina lililotajwa ni la yule mwalimu wa zamani.

Akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984. Katika mwaka huo Zanzibar ilipata Katiba mpya iliyoweka haki za raia kwenye maandishi, na milango ya biashara ikaanza kulegezwa Visiwani. Mwaka mmoja baadaye, Mwalimu Nyerere alipoamua kung'atuka, majina matatu yalikuwa mezani, Mwinyi, Rashidi Kawawa na Salim Ahmed Salim. Chama kikamchagua Mwinyi. Novemba 5, 1985 aliapishwa kuwa Rais wa pili wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Huyu ni mtu aliyeandika barua ya kujiuzulu miaka minane na ushei tu kabla.

Sitaki kukudanganya kwamba kila anayekiri kosa hupandishwa cheo. Wapo wengi waliosema kweli wakafukuzwa na hawakurudi. Lakini kwa Mwinyi, kuondoka kwa mlango wa mbele kulimwachia njia ya kurudia. Aliyekwenda kumtafuta mwaka 1984 alijua anamtafuta mtu wa namna gani.

Miaka ya rukhsa

Kama ulikuwa mtoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 huhitaji kusimuliwa. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Sukari ilikuwa ya kugawiwa. Mama zetu walikuwa wanaona watu wamejipanga, nao wanajipanga, halafu ndipo wanauliza kinachouzwa ni nini. Vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza akiba, mafuta yamepanda bei duniani, na mashirika ya umma yalikuwa hoi.

Mwinyi alirithi nyumba ambayo debe la unga liko tupu. Mwaka 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha Duniani, jambo ambalo mtangulizi wake alikuwa amelipinga kwa miaka. Biashara ikafunguliwa. Aliyekuwa na fedha zake aliruhusiwa kuleta bidhaa. Nguo, mitumba, baiskeli, redio na magari yaliyotumika yakaingia. Neno lake likawa rukhsa, na wananchi wakamgeuzia likawa jina lake, Mzee Rukhsa.

Mwaka 1991 chama kililegeza masharti ya Azimio la Arusha kwa viongozi, katika uamuzi uliofahamika kama Azimio la Zanzibar. Mwaka huohuo iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka kuendelea na chama kimoja au vingi. Karibu asilimia 80 walisema chama kimoja. Asilimia 20 walitaka vingi. Pamoja na hayo, tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 vikaruhusiwa.

Nalipenda jambo hili kama mama wa watoto watatu. Wawili wanaposema wanataka wali na mmoja anataka ugali, ni rahisi kusema wengi wape. Lakini kuna mambo ambayo yule mmoja naye anastahili kusikilizwa.

Doa nazo zipo

Tukimsifu mtu mpaka hana kosa, watoto hawatatuamini. Miaka ya Mwinyi ilikuwa na mabaya yake, na waliokuwa wazazi wakati huo waliyaona kwa macho.

Shilingi ilianguka. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Alipoondoka 1995 ilikuwa imevuka shilingi 500. Bidhaa zilikuwapo dukani, lakini mshahara wa mwalimu haukuzifikia. Kuchangia gharama kulirudi hospitalini na shuleni, na mzazi aliyezoea huduma za bure akajikuta anahesabu sarafu mapokezi. Rushwa iliongezeka, misamaha ya kodi ikatolewa ovyo, na mwaka 1994 wahisani wakazuia sehemu ya misaada yao kwa sababu kodi hazikusanywi. Mwalimu Nyerere, ambaye ndiye aliyemkabidhi nchi, hakuficha kutoridhishwa kwake na namna uongozi ulivyokuwa unakwenda.

Mwaka 1990 Mwinyi aliwataka mawaziri wote wajiuzulu, kisha akapanga upya baraza na kuwaacha baadhi nje. Watu wakakumbuka 1977. Hata hivyo, wapo waliosema upole wake ulizidi, kwamba baba asiyekemea huzaa nyumba isiyo na adabu.

Mimi nadhani wana hoja. Kuwa mwepesi wa kubeba lawama hakumwondolei mkubwa wajibu wa kuwabana walio chini yake. Mzazi anayesema "samahani, ni kosa langu" kila siku huku watoto wanafanya watakavyo, naye hajatimiza kazi. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja.

Kujua saa ya kuondoka

Novemba 23, 1995 Mwinyi alimkabidhi madaraka Benjamin Mkapa baada ya vipindi vyake viwili vya miaka mitano mitano kwisha. Alikuwa Rais wa kwanza wa Tanzania kuondoka kwa sababu Katiba imesema muda umekwisha. Mwalimu aliondoka kwa kuamua mwenyewe. Mwinyi alikuta mstari umechorwa, akaufuata. Wote waliomfuata wakamaliza vipindi viwili wamepita njia hiyohiyo.

Baada ya hapo aliishi miaka 28 na ushei ya kustaafu. Alijulikana kwa kupenda mazoezi, na mpaka umri mkubwa watu walimwona akitembea na kukimbia taratibu. Machi 2009, katika sherehe ya Maulid kwenye ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, kijana mmoja alipanda jukwaani akampiga kofi alipokuwa anahutubia. Ukumbi ulichafuka. Mzee wa miaka 83 alirudi kwenye hotuba yake akaimalizia.

Mei 8, 2021, siku aliyotimiza miaka 96, kitabu cha maisha yake kilichoitwa "Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu" kilizinduliwa jijini Dar es Salaam na Rais Samia Suluhu Hassan. Alifariki dunia Februari 29, 2024 jijini humo, akiwa na miaka 98. Machi 2 alizikwa Mangapwani, mahali alipokulia na kuanza shule.

Wiki ile ya msiba, simu zetu zilijaa kipande cha video ambamo anasema kwamba mwanadamu ni hadithi tu, hivyo kila mtu ajitahidi kuwa hadithi nzuri kwa watakaosimuliwa. Wengi tuliisambaza. Wachache tulijiuliza watoto wetu watasimulia nini kuhusu sisi.

Tuyafanye haya nyumbani

Kwanza, mzazi aanze. Mtoto hawezi kujifunza kukiri kosa kwa mtu ambaye hajawahi kukosea. Ukichelewa kumchukua shuleni, usimwambie foleni tu. Mwambie, "Nimechelewa, nisamehe." Hutapungua heshima hata kidogo. Wengi wetu tulilelewa na wazazi ambao hawakutamka neno hilo, na tunaujua ukubwa wa shimo lililobaki.

Pili, usiulize swali la mtego. Kama umemwona anamwaga maziwa, usimuulize nani kamwaga. Unamwalika aseme uongo. Mwambie, "Naona maziwa yamemwagika, chukua kitambaa tusafishe." Kwa mtoto mdogo, kusafisha kunafundisha kuliko kuhojiwa.

Tatu, tofautisha adhabu ya kosa na adhabu ya uongo. Mtoto aliyekuja mwenyewe kusema amepoteza fedha za daftari asiadhibiwe sawasawa na aliyeficha wiki nzima. Akiona malipo ni yaleyale, ataficha. Nawe ungeficha.

Nne, wape dhamana ya kweli wangali wadogo. Mkubwa akiachiwa kumwangalia mdogo wake kwa nusu saa, ajue kwamba mdogo akiumia ataulizwa yeye. Asichapwe, aulizwe tu. "Ulikuwa wapi? Wakati mwingine tutafanyaje?" Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza kwamba kusimamia si kutoa amri tu.

Tano, na hili ni muhimu sana, tusiwafundishe watoto kubeba makosa ya watu wazima. Mwinyi alikuwa mtu mzima mwenye cheo, alibeba dhamana ya walio chini yake. Mtoto hana dhamana juu ya mkubwa. Mtoto anayesema "ni kosa langu" baada ya kupigwa, kutukanwa au kuguswa vibaya na mtu mzima, huyo ameshatishwa. Mwambie wazi kwamba kosa la mkubwa ni la mkubwa, hata akiwa mjomba, mwalimu au jirani anayeheshimika.

Sita, tuwaangalie walio chini yetu ndani ya nyumba. Dada wa kazi, kijana wa bustani, mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma mjini. Kwenye nyumba nyingi hao ndio wanaobeba kila kikombe kilichovunjika. Watoto wanaona. Wakikua na kupewa ofisi, watatafuta wa kumwangushia vilevile, na siku hiyo kitakachokuwa kimevunjika hakitakuwa kikombe.

Noti ya elfu kumi

Nirudi kwangu. Jumamosi iliyofuata, tukiwa wote tunakula chai, nilisema kwamba nina jambo. Moyo ulinienda mbio kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikasema ile elfu kumi haikuibiwa. Nilimlipa wa gesi, nikasahau, nikamshutumu dada bure, kisha nilipokumbuka nikanyamaza. Nikamgeukia nikamwambia, "Nimekukosea, tena mbele ya watoto. Ndiyo maana nakuomba radhi mbele yao."

Dada alitazama chini, akasema, "Yameisha, mama." Sijui kama yalikuwa yameisha kweli. Siku nne za kuitwa mwizi kimyakimya hazifutwi na kikombe cha chai. Lakini aliinua uso, na tangu siku hiyo anaingia sebuleni bila kunyatanyata.

Mwanangu alikuwa kimya mpaka tukamaliza. Nilipokuwa naosha vyombo alikuja akasimama mlangoni, akavuta vuta fulana yake.

"Mama," akasema, "kile kikombe nilivunja mimi."

Nilimjibu kwamba najua. Nikamwambia akamwambie na dada.

Akaenda.